Mwenyeji wa El Dimtu

Katika mji mzima wa El Dimtu, mimi ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kumdanganya mtu yeyote. Waulize. Muulize mama yangu, ingawa siku hizi yuko kwa dada yake Marsabit na simu yake haishiki. Muulize mwalimu wangu wa fizikia, ingawa yeye tulikosana kidogo kuhusu mtihani fulani. Ndiyo maana Baraza la Mji lilipotafuta kijana mwaminifu wa kuendesha Msikizi, mashine ghali kuliko kitu chochote kilichowahi kuvuka jangwa la Chalbi, lilinichagua mimi, Elema Ochola Shamte, bila hata usaili. Usaili ulikuwepo, kwa kweli, lakini waombaji wengine niliwaambia umeahirishwa.

Usishangae jina langu. Babu mmoja Mgabra, babu wa pili Mjaluo, na bibi wa Pwani ambaye hakukubali ukoo wake uachwe nje ya mlango. El Dimtu hilo si jambo. Hapa ukimkuta kiumbe mwenye damu ya upande mmoja tu, ujue ni mgeni au ni ngamia.

Siku ninayoisimulia ilianzia langoni. Nilikuwa nimetumwa kupeleka maji kwa Watu wa Ziwani, waliokuwa wamekaa nje ya ukuta wetu wa vioo vya jua, wao na mashua zao. Ndiyo, mashua. Ziwa Turkana lilikuwa limepanda likameza kijiji chao, nyumba, shule na kiwanja cha mpira, likabakiza mashua peke yake kwa kuwa ndizo zilizojua kuelea. Wakazifunga magurudumu ya pikipiki, wakazivuta mpaka kwetu, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha.

Kiongozi wao, Mama Naitore Lekapana, nilimkuta akiipaka mashua mafuta ili mbao zisipasuke kwa joto.

"Mama," nikamwambia, "mashua jangwani ni ya nini?"

"Na wewe hicho kichwa ni cha nini?" akajibu bila kugeuka. "Kila mtu hubeba alichonacho."

Watu wake wakacheka mpaka mtoto akalia ndani ya mashua ya bluu. Mimi mtu akinitukana vizuri huwa namheshimu papo hapo, kwa hiyo nikamjazia mtungi hadi ukafurika.

"Huyo anayelia ni mjukuu wangu," akasema, sasa akinitazama. "Amezaliwa safarini. Bado hana jina. Sisi mtoto hatumpi jina njiani, jina hupewa mahali. Leo mtajua mwenyeji wenu ni nani?"

"Leo hii hii, Mama. Mashine iko tayari."

"Na akijulikana, atatufungulia?"

"Hapo itategemea ni nani."

"Na asipojulikana?"

Nikajifanya naangalia mfereji wa tangi la maji nililoleta. Sote wawili tulijua jibu. Kando ya lango lilikuwa limeegeshwa lori la Baraza, tayari kuwapeleka Kambi ya Chumvi kabla ya jua kuzama. Kambi ya Chumvi ni mahali ambapo maji ya kisima huchemshwa yakabaki machungu, na nzi wakipita hupita bila kutua. Kundi lililopelekwa huko kabla yao lilikuwa na watoto wengi. Sasa lina wachache.

*

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Sheria ya kwanza ya El Dimtu, iliyochongwa juu ya lango, inasema mgeni hukaribishwa na mwenyeji, kwa maziwa ya ngamia, na akishayanywa hafukuzwi. Sheria nzuri sana. Taabu ni kwamba hakuna aliyeandika mwenyeji ni nani. Wagabra wanasema ni wao, kwa kuwa ngamia wao ndio waliopiga magoti hapa kwanza. Waturkana wanasema hao ngamia walikuwa wamepotea na wao ndio waliowaonyesha njia. Watu wa Pwani wanasema lori la babu zao ndilo lililoleta sufuria, na mji bila sufuria ni malisho tu. Ukoo wa Liu, waliotoka China kuchimba visima na sasa wanazungumza Kiswahili cha ndani kuliko mimi, wanasema, "Sawa, lakini mnakunywa maji ya nani?"

Miaka yote ubishi huo ulikuwa mchezo wa barazani, wa kusindikizia chai. Watu wa Ziwani walipofika, ukawa ubishi wa lango, na lango halifunguliwi na watu wanne wanaovuta pande nne.

Ndipo Msikizi alipoagizwa.

Nitamweleza kama nilivyoelezwa, na usipoelewa usijali, hata mimi nilipitia hapo hapo. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua ikinyesha, chumvi huyeyuka ikawa uji. Jua likiwaka, uji hukauka ukawa ganda. Wakati ganda linakauka, kila sauti inayopita juu yake hulitikisa, na punje za chumvi huganda katika mtikisiko ule, kama mtu aliyepigwa picha akiwa katikati ya kupiga chafya. Mvua nyingine, ganda jingine juu yake. Ukikata bonge la chumvi hadi chini na kulipitisha kwenye mwanga wa Msikizi, unasikia miaka ikisema, mmoja baada ya mwingine.

Nilikuwa nimelikata bonge langu chini ya sakafu ya ukumbi, pale pale mji ulipoanzia. Nikaingia kibanda cha Msikizi pale uwanjani, nikavaa vipokea sauti, ili niijaribu mashine kabla ya watu kukusanyika. Nikashuka hadi ganda la chini kabisa.

Kwanza ulikuja upepo. Halafu mbuzi. Halafu mwanamume mmoja, lafudhi ya Pwani kabisa: "Jamani, lori limezama kwenye matope, lakini tusianike nguo ovyo. Wenyeji wataona tumezoea."

"Wenyeji wapi?" mwenzake akauliza.

"Wale kule wenye mahema na ngamia. Huwaoni?"

Nikasogeza mwanga kidogo. Sauti za Kigabra sasa, na Kigabra nakifahamu tangu titi la mama: "Tukae siku mbili tu, kisha tuwaage wenyeji wa lile lori. Wametuachia nafasi nzuri. Ni watu wa heshima."

Nikasogeza tena. Vicheko vya Waturkana, waliokuja wakifuata harufu ya nyama. "Moto huu ni wa nani?"

"Si wetu. Sisi wenyewe tumekaribishwa."

"Na nani?"

"Kwani si nyinyi?"

Halafu Liu wa kwanza, Kiswahili chake bado kibichi: "Mimi chimba kisima kidogo. Maji ya mwenyeji, mimi hapana maliza."

Nilivua vipokea sauti, nikavifuta, nikavivaa tena. Unaelewa kilichotokea? Kwa desturi za watu hao wote, wa ngamia na wa lori, mgeni haondoki kabla mwenyeji hajamruhusu. Ni utovu wa adabu. Basi wote walikaa kuwasubiri wenyeji wawaambie nendeni salama, na wote walikuwa wageni. Nikapanda ganda la juu yake: "Bado hawajaturuhusu?" "Bado." "Basi tujenge choo, tusiwachafulie." Ganda jingine: wanajenga shule, watoto wasiwapigie wenyeji kelele. Jingine: soko, wasiwaombe wenyeji chumvi na sukari kila siku. Mji mzima, minara ya kukinga umande, hospitali, taa za barabarani, ulijengwa na watu waliokuwa wanaogopa kusumbua.

Nilicheka peke yangu mle kibandani mpaka mbavu zikauma. Halafu nikakumbuka lori la langoni, na kicheko kikakatika.

*

Nilimtafuta Mama Talaso Godana, mwenyekiti wa Baraza. Ni mwanamke ambaye akikohoa mkutanoni hata watoto wachanga huacha kunyonya. Alikuwa akikagua viti.

"Mama," nikasema, "nauliza tu. Mfano. Ikitokea mashine ikasema hakuna mwenyeji?"

"Mashine imesema hivyo?"

"Nimesema mfano, Mama."

Akaweka kiti chini. "Kama hakuna mwenyeji, hakuna wa kukaribisha. Na kama hakuna wa kukaribisha, wanaondoka jioni. Lango nimelifunga mimi, Elema, kwa mikono hii, na tangu siku ile chakula sikioni utamu. Lakini siku nitakapolifungua kwa huruma yangu, kesho mwingine atalifunga kwa chuki yake, na sote hatutakuwa na sheria ya kushika. Niletee jina. Jina lolote, mradi liwe la kweli."

Hapo sasa. Jina nilikuwa sina, na kweli nilikuwa nayo tele.

Ningeweza kuwasikilizisha ile kweli na kusema, oneni, sote wageni, hebu tufungue. Lakini nawajua watu wangu. Wangeanza papo hapo kubishana ni mgeni yupi aliyefika mapema, na lori la Kambi ya Chumvi halingoji ubishi uishe. Ningeweza kughushi ushindi wa upande mmoja. Kumpa Mzee Ekidor wa Waturkana? Yeye alishatangaza kwamba akiwa mwenyeji atawarudisha watu wa mashua ziwani wakaogelee. Kumpa Bwana Shamhuna wa Pwani? Angewafungulia, ndiyo, lakini kisha angewakumbusha Wagabra kila asubuhi kwamba wao ni wageni wake, na Wagabra wana visu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi. Ile kweli ilikuwa nzuri! Sijawahi kusikia kisa kizuri kama kile, tena ni chetu. Kuwanyima watu kisa chao na kuwapa cha kutunga ni wizi, hata kama mwizi ana nia njema. Nilizunguka kibanda changu nikijibishana na nafsi yangu, na nafsi yangu, kama kawaida, ilikuwa na hoja nzuri kuliko zangu.

Halafu nikasikia tena, kwa mbali, yule mtoto asiye na jina akilia upande wa lango.

Nikachomeka maikrofoni.

*

Uwanja ulijaa kuanzia mnara wa umande hadi ngazi za hospitali. Watu wa Ziwani waliruhusiwa kusimama langoni na kusikiliza kupitia kwenye vyuma. Mbele kabisa aliwekwa Akoo Mize. Huyo ndiye mtu pekee aliye hai kati ya waliokuja na lile lori. Ni Mswahili wa Pwani, lakini mji mzima humwita Akoo, yaani bibi, kwa Kigabra. Utauliza, kwa nini hawakumuuliza yeye badala ya kununua mashine? Walimuuliza. Tangu ujana wake wanamuuliza, naye hujibu jibu moja: "Mgeni haongei habari za nyumba ya watu." Kisha hurudi kwenye tasbihi yake.

Mimi nilikuwa ndani ya kibanda, nyuma ya pazia linalozuia vumbi, viatu nimevivua kwa sababu ya joto. Nilichezesha upepo wa kweli. Nilichezesha mbuzi wa kweli. Kisha nikafunga mwanga, nikasogeza mdomo kwenye maikrofoni, nikawa bikizee.

Sauti hizi nimezianza shule, nikimwigiza mwalimu mkuu dirishani. Nikalikwaruza koo, nikatia kikohozi kidogo cha moshi wa kuni, na lugha nikazichanganya: Kigabra kidogo, Kiturkana kidogo, Kimrima cha Pwani, hata neno moja la Kichina ambalo watoto wa Liu walinifundisha na ambalo natumaini ni la heshima.

"Karibuni," nikasema. "Karibuni wote. Mimi sina kabila la kuwaambia, nina maziwa tu. Hapa ni kwangu. Atakayekuja amechoka asiulizwe ametoka wapi. Wenye ngamia wafungeni kule, wenye lori simamisheni pale, na mashua zenu ziwekeni kivulini."

Nilipotamka mashua, nikauma ulimi. Mashua! Mwaka ule hapakuwa na mashua wala mwota ndoto ya mashua. Nilikuwa nimeziona langoni asubuhi nzima, zikaniponyoka.

Mtu akapiga kelele, "Aliwaona! Bibi aliwaona kabla hawajaja!" Uwanja ukapasuka. Wengine wakapiga vigelegele, wengine wakalia. Mzee Ekidor akasimama juu ya kiti. "Mmesikia? Hicho ni Kiturkana! Huyo ni shangazi yake babu yangu!"

"Shangazi gani?" akadakia Bwana Shamhuna. "Ile ni lafudhi ya Mrima tupu! Huyo ni wa kwetu, na hayo maziwa aliyatia hiliki!"

"Kile kikohozi," akasema Liu mdogo akifuta machozi, "ni kikohozi cha ukoo wetu. Daktari anakijua."

Mama Talaso akanyanyua mkono, wakanyamaza. "Kwa hiyo sote tunakubali kuwa mwenyeji alikuwepo?"

Wakakubali, kila mtu kwa bibi yake.

"Na kwamba amewakaribisha wenye mashua?"

Hapo hata Mzee Ekidor hakuweza kurudi nyuma. Ungembishia vipi shangazi yake babu yako mbele za watu? Mama Talaso akaenda langoni mwenyewe, hatua za haraka nisizowahi kuziona kwake, akavuta komeo. Lori la Baraza likawashwa, likarudi nyuma likiwa tupu.

*

Maziwa yaliletwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi. Aliyechaguliwa kuyatoa, kwa heshima ya umri, ni Akoo Mize. Alipita kwa Watu wa Ziwani mmoja mmoja, kikongwe yule, akikataa kushikwa mkono, akimwinulia kila mmoja kibuyu na kumtazama mpaka ameze. Mama Naitore alikunywa akatoa sauti ya kushiba. Mwisho kabisa Akoo akachovya kidole, akakiweka mdomoni mwa kile kichanga. Kikanyonya.

"Jina lake?" akauliza Akoo.

"Sasa anaweza kulipata," akasema Mama Naitore.

Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikipokea pongezi. Watu walikuwa wananipiga mabegani. Msichana mmoja wa ukoo wa Liu alikuwa ameanza kuniuliza mashine inafanyaje kazi, nami nilikuwa nimeanza kumweleza kwa mapana.

"Wote wamemeza?" Akoo Mize akauliza kwa sauti kubwa.

"Wote, Akoo," akajibu Mama Talaso.

"Kuna aliyebaki?"

"Hakuna, Akoo."

"Na aliyemeza hafukuzwi?"

"Hafukuzwi. Ndiyo sheria."

"Vizuri." Akakabidhi kibuyu, akakaa, akanyoosha kanga yake magotini. "Maisha yangu yote nimewaambia mgeni haongei habari za nyumba ya watu. Lakini leo nimemkaribisha mtu kwa mkono wangu. Anayekaribisha ni mwenyeji. Basi nyumba ni yangu, na nitaongea."

Mimi nikaanza kumwambia yule msichana kwamba nimesahau kitu nyumbani.

"Nilikuwa kwenye lile lori," akasema Akoo. "Wenyeji hatukuwakuta. Tuliwangoja mpaka tukachoka kungoja, ndio huu mji mnaouona. Huyo bikizee hakuwepo."

Mtu akacheka. Mwingine akasema, "Lakini Akoo, tumemsikia!"

"Mmemsikia. Mimi nimemwona." Akaninyooshea kidole kilichopinda. "Jua liliniwakia, nikasogeza kigoda changu kwenye kivuli cha kibanda. Pazia la kijana huyu ni fupi. Macho yangu mabovu, lakini ya chini nayaona. Kila bibi aliposema, dole gumba la mguu wake lilikuwa linacheza. Bibi akinyamaza, dole linatulia. Bibi akikohoa, dole linaruka. Mpeni maziwa na yeye, maskini. Koo limechoka kwa uzee."

Mama Naitore alicheka maziwa yakamtoka puani. Hakuna mwingine aliyecheka. Mzee Ekidor alikuwa amebaki mdomo wazi, kama mtu aliyefiwa na shangazi kwa mara ya pili.

"Akoo," nikasema kwa upole, "jua lilikuwa kali sana leo, na umri nao..."

"Elema," akasema Mama Talaso.

"Naam, Mama."

"Vua kiatu."

Nikavua. Ungefanyaje? Uwanja mzima ukasogea, Wagabra, Waturkana, watu wa Pwani, ukoo mzima wa Liu, na sasa Watu wa Ziwani pia, vichwa vimeinama kwenye mguu wangu mmoja wenye vumbi.

"Sasa," akasema Mama Talaso, "hebu sema karibuni."

Nikafumba mdomo kabisa. Nikabana meno. Sikutoa hata pumzi. Lakini kule chini, msaliti yule alikuwa ameshaanza kucheza.